Soketi ya Kichwani mwa Kitanda cha Mama

Kicukiro, nyuma kidogo ya Sonatubes,
Kigali.
16 Novemba 2025

Mpendwa shemeji yangu Mutsinzi,

Salamu nyingi kutoka nyumba ya baba yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na umevaa vya kutosha. Gisa, jirani yako wa huko Ufini, anatuambia kwamba hapo Oulu jua mwezi huu linachungulia kidogo mchana kisha linajiondokea, kama mgeni asiyetaka kupikiwa. Pole sana. Je, kile kifua kimeacha kukusumbua? Na hospitalini, bado wanakupanga zamu za usiku? Kaliza alinisisitiza nikuulize habari za kifua kabla ya jambo lolote, nami nimetii, maana dada yako unamjua.

Sisi huku hatujambo. Mvua imetushika barabara, na asubuhi pale kwenye makutano ya Sonatubes ni honi na matope, nafika ofisini Kacyiru suruali imeloa mpaka magotini. Mpwa wako Ihirwe amempita mama yake kwa urefu na sasa anaazima viatu vyake bila kuomba. Kazi ya Kaliza inamzungusha mikoani, lakini anarudi na ndizi, kwa hiyo hatulalamiki.

Mama yuko hai, mzima wa akili na wa ulimi. Nyonga inapona polepole. Yeye ndiye anayenifanya nishike kalamu leo, na barua hii nampa Gisa akupe mkononi, kwa sababu jambo lenyewe si la kuandikwa kwa vidole kwenye simu.

Shemeji, tangu Pasaka hujampigia mama yako. Kaliza akipiga hupokei, unamjibu kwa ujumbe kwamba uko zamu. Gisa alipokuja likizo tulimbana, naye akatutobolea: unaamini mama amekukasirikia kwa kuwa hukuja kumzika Baba. Kwamba jioni ile ya mazishi ulipiga namba ya nyumbani, mama akapokea, kisha akaweka simu chini. Na kwamba tangu hapo, kila mlipozungumza kwa picha, alikujibu kwa mkato kama mtu anayemjibu karani.

Gisa hakusema uongo, na wewe hukuota. Mama aliweka simu chini kweli, na majibu yake yalikuwa mafupi kweli. Lakini sababu yake, ndugu yangu, ni soketi ya simu, kuta nene za Baba na adabu. Nivumilie nikueleze taratibu.

Wajua kwamba mwaka jana, Baba Ntare alipofariki, mimi na Kaliza tulihamia hapa tumtunze mama. Jamaa zangu wa Muleba wananitania mpaka leo kwamba mimi ndiye niliyeolewa. Nawaacha waseme, wali wa ukweni wanaudharau kwa sababu hawajauonja.

Intaneti ya nyumba hii bado inapita kwenye waya wa simu, ule wa zamani. Majirani wameshavutiwa nyaya mpya, sisi tunangoja. Fundi aliyekuja kuifunga Baba akiwa hai aliiweka ruta sebuleni, kwenye soketi iliyo karibu na kabati la vyombo, na dada yako akaitandikia kitambaa cha kufuma ili isione haya mbele ya wageni. Chumba cha mama kiko mwisho wa korido. Baba alijenga kuta kama mtu anayezuia mizinga, unazijua. Intaneti ikifika mlango wa bafu inakata tamaa.

Basi mama alipoteleza uani na kuvunjika nyonga, ikawa kila ukipiga tunambeba kwenye kiti cha magurudumu mpaka sebuleni. Na sebuleni nipo mimi. Mama yenu ni wa malezi ya zamani. Mbele ya mkwe hatafuni, hapigi mwayo, na kulia ndiyo kabisa haiwezekani. Ukimwuliza, “Mama, unajisikiaje?” anakujibu, “Ni salama, asante. Na wewe?” Wewe ulikuwa unauona uso kwenye kioo. Mimi nilikuwa nauona mkono chini ya blanketi, umekamata kitenge mpaka vidole vimekakamaa.

Nilikuwa najitoa nje, najifanya natazama tairi za gari. Lakini nikitoka mimi anaingia jirani, na jirani akiondoka wanakuja watu wa kanisa kumwona mgonjwa. Sebule ya nyumba hii haijawahi kuwa na mtu mmoja.

Nilihangaika, shemeji. Niliipandisha ruta juu ya friji, nikaishusha. Nilinunua kile kifaa cha kuongeza nguvu ya intaneti, nikakichomeka korido, kikawaka taa nzuri kama pambo la Krismasi, na picha yako ikabaki imeganda mdomo wazi.

Nilichokuwa sijui, na ambacho kila mtoto wa nyumba hii anakijua, ni kwamba kuna soketi nyingine ya simu chumbani kwa mama, kichwani mwa kitanda. Baba aliiweka enzi zake za wizarani ili wakimhitaji usiku asitoke kwenye blanketi. Ningeijuaje? Mkwe hakanyagi chumba cha mama mkwe wake. Kwenu ni hivyo na kwetu Muleba ni hivyohivyo. Nakula, nalala na kuoga nyumba hii, lakini sijui ukuta wa chumba kile una rangi gani, na sitarajii kujua. Kaliza aliijua soketi, ila kwake ile ilikuwa kitu cha simu ya Baba, na simu ya Baba ilikuwa imekwisha na mwenyewe. Kwa hiyo aliyeijua ruta hakuijua soketi, na aliyeijua soketi hakuijua ruta, na katikati yetu mama amelala kitandani.

Siku moja mwezi uliopita Kaliza alikuwa Huye kikazi. Nilikuwa nimechuchumaa korido na kile kifaa changu, nakiambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa mtu ninayemheshimu. Mama akaniita kutoka kitandani, pazia la mlango likiwa kati yetu.

“Protas. Hiyo mashini inakunywa wapi?”

Nikamwambia inakunywa kwenye waya wa simu, Mama.

“Waya ya simu? Kama hii ya mzee?”

“Ya mzee ipi?”

“Rero, basi! Iko hapa, nyuma ya kichwa yangu. Na waya yake iko.”

Nilikaa sakafuni, shemeji, palepale. Nilipopata akili nikamwambia habari ni njema, Kaliza akirudi tutaihamisha ruta, yeye ataingia chumbani na mimi nitamwelekeza. Sauti iliyonijibu ilikuwa ile aliyowalelea ninyi nyote kule Karagwe, kabla hamjarudi Rwanda.

“Mutsinzi iko kimya tangu Pasika. Na wewe unataka mimi nigojee Kaliza amalize semina? Ashwi, hapana. Leta hiyo kitu.”

Ndipo nilipojua kwamba kila Jumapili iliyopita bila simu yako alikuwa ameiona ikipita. Hakuwahi kumlalamikia mtu. Sisi tulidhani amezoea.

Fundi wa kampuni mama hakumtaka. Alisema kama mkwe wake mwenyewe haingii, kijana wa kampuni ataingia kwa ukoo gani? Akabaki Christella, mama wa makamo anayemhudumia mchana. Christella alikivuta kitanda mbali na ukuta kwa mikono yake, akamketisha mama ukingoni, akamkumbatia kiunoni ili asianguke. Lakini kwenye nyaya akagoma. “Mama, mimi na umeme hatufahamiani. Mimi nitashika wewe, waya shika mwenyewe.”

Na mama akashika mwenyewe. Ana miaka themanini na kitu, nyonga ina chuma ndani yake, na hajawahi kuchomeka chochote ila pasi. Mimi nilizima ruta sebuleni, nikachomoa waya wa umeme na ule mwembamba wa simu, pamoja na kijisanduku cheupe cha kuchujia ambacho huchomekwa kwenye soketi kwanza, nikampitishia Christella vyote, na ruta yenyewe, chini ya pazia. Kisha nikasimama korido, mgongo mlangoni na uso ukutani, kama mwanafunzi mtundu, nikaanza kutoa maelekezo kwa sauti ya juu.

Soketi ilikuwa na mtu tayari: plagi ya simu ya Baba. Nikasema, “Mama, plagi ina kilimi kidogo cha plastiki. Kibonyeze kwanza ndipo uvute.” Sikusikia mlio wowote, nikadhani hakunisikia, nikarudia. Kisha Christella akasema polepole, “Ameshika simu.”

Nilikuwa nimesahau, au sikuwa nimefikiri. Kaliza aliwahi kuniambia kwamba tangu Baba azikwe hakuna anayeruhusiwa kuigusa simu ile, nami nikaichukulia kuwa kumbukumbu tu isiyo na waya. Asubuhi mama huipangusa vumbi kwa upindo wa kitenge chake, anairudisha mahali pake. Na mimi nipo korido namwamuru aing'oe. Nikaanza kusema basi, Mama, tuache, tutatafuta njia nyingine. Sijamaliza, nikasikia mlio mdogo wa plastiki, na sauti yake, nzima kabisa:

“Imetoka. Mzee amepisha mtoto yake.”

Nililia, sikufichi. Kuutazama ukuta kuna faida zake.

Nilipopata sauti nikaendelea. Kijisanduku cheupe kiingie kwenye soketi. Kina midomo miwili. Waya wa ruta uingie kwenye ule wa kushoto. Nikasikia wananong'onezana, wanajaribu, wanakosea, wanageuza. Kisha mama akauliza:

“Na hii mdomo ingine ni ya nini?”

“Hiyo ni ya simu, Mama. Kama mtu ana simu ya mezani.”

Sauti yake ikapanda juu.

“Protas! Kwa nini hukusema mbere? Mimi nimeshaaga mume wangu!”

Christella alicheka mpaka kitanda kikalia, na mama mwenyewe akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nihamie hapa. Wala sikujua kama anacho. Mbele ya mkwe hakitoki, lakini mkwe akiwa amegeukia ukuta, kumbe kinatoka. Akaichomeka simu ya Baba kwenye mdomo wa pili, pembeni ya ruta, akasema sasa walale pamoja wasigombane.

Kisha umeme ukachomekwa, zikaja taa. Nilimweleza kwamba kuna moja itakonyeza kwa muda, asubiri mpaka itulie. Mama akaitangaza ile taa kama mtangazaji wa mpira wa redioni. “Inakonyeza. Inakonyeza bado. Hii taa iko na tabia mbaya. Inakonyeza. Imesimama! Protas, imesimama! Imana ishimwe, Mungu asifiwe!” Mimi korido nikapiga makofi, na Ihirwe, aliyekuwa ametoka shule wakati huo, akanikuta naushangilia ukuta. Amewasimulia rafiki zake wote.

Nilidhani tumemaliza, lakini mama akanyanyua mkono wa simu ya Baba, akausikiliza kwa muda.

“Ule upepo umeisha,” akasema.

Nikauliza upepo gani. Akanieleza kwamba tangu intaneti iingie nyumba hii, simu ile ilikuwa inavuma upepo sikioni, mtu akizungumza husikii vizuri. Yeye alidhani imezeeka kama wao, akaacha kuitumia. Shemeji, si uzee. Simu ikila kwenye waya mmoja na intaneti bila kile kijisanduku cha kuchujia, inavuma, nayo simu inaivuruga intaneti. Kijisanduku kilikuwa sebuleni kinafanya ulinzi mahali pasipo na simu, na simu ilikuwa chumbani haina mlinzi. Hata zile picha zako zilizokuwa zinaganda, sehemu ya kosa ni hiyo.

Halafu, bila kuulizwa, akasema maneno haya. Nakuandikia kama alivyoyasema.

“Ile siku ya kuzika mzee, jioni, iliita. Nikashika. Nikasikia upepo tu. Nikasema aro, aro, hakuna mtu. Nikaweka chini. Nilifikiri ni Mutsinzi. Nikangoja aite tena.”

Siku hiyo sikujua uzito wa maneno hayo. Nilikuja kuujua wiki hii, Gisa alipotueleza upande wako: kwamba ulipiga, ukasikia sauti ya mama yako, koo likakukaba, hukuweza kusema hata neno moja. Wewe ulikuwa unalia kimya, yeye anasikia upepo. Hakukukatia. Aliweka chini simu ambayo haikuwa na mtu ndani yake, akakaa pembeni yake akikungoja. Na wewe ukangoja huko. Mmeketi hivyo, mama na mwana, zaidi ya mwaka.

Nilimweleza mama yote aliyosema Gisa, mimi korido, yeye ndani. Kisha nikamsikia akimwomba Christella amletee chanuo.

Utauliza kwa nini hapigi yeye. Nilimwuliza pia. Anasema aliyetoka ndiye anayebisha hodi, mwenye nyumba kazi yake ni kufungua. Sikubishana naye. Mimi nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi pale Kacyiru, wenye magari na walinzi, na sijaona hata mmoja anayeamua jambo kama mama yako anavyoamua akiwa amelala chali. Nakuonea wivu kwamba ulizaliwa naye. Mimi nimempata kwa ndoa, na kwa mgongo tu, lakini najihesabu mwenye bahati.

Mengine ya huku ni ya kuchekesha. Mama sasa ndiye mkuu wa mtandao nyumba nzima. Ihirwe akitaka intaneti ya kufanyia kazi za shule anabisha hodi kwa bibi na kujieleza kwanza. Sebuleni ndiko picha zinakoganda siku hizi, na wageni wanaondoka mapema. Kaliza aliporudi kutoka Huye alikasirika kwa robo saa hivi kwamba hatukumngoja, kisha akaingia chumbani, akaiona ruta na simu ya Baba zimelala pamoja, akatoka akanikumbatia. Kitambaa chake cha kufuma mama amekikataa. Anasema taa ile anataka kuiona akiamka usiku.

Gisa anakuletea kahawa, maharage ya Karagwe na pilipili ya matone, ile ya mafuta kwenye kichupa. Usimalize yote wewe, waachie mkeo Careen na mwanao Kenny. Wasalimie sana. Mwambie Kenny bibi yake anauliza kama meno ya mbele yameota. Kaliza anakusalimu kwa mapenzi na kwa ukali, vyote viwili. Ihirwe anaomba picha ya theluji. Christella, ambaye hujawahi kumwona, anasema anakujua. Mzee Sharif wa dukani naye kila Ijumaa akitoka msikitini hupita kuuliza habari zako, nami sasa nimechoka kumjibu kwamba uko zamu.

Jumapili, misa ya redioni ikiisha, mama anachanwa nywele, anavaa kile kitenge cha samawati ulichomtumia mwaka ule, na Christella anatoka na kuufunga mlango. Anabaki peke yake, simu ya mkononi mapajani, ya Baba kichwani mwa kitanda. Saa zenu na zetu msimu huu zinalingana. Sijui ana nini cha kukuambia, na nyumba hii nzima haitajua, kwa sababu mimi nitakuwa nje natazama tairi za gari. Namba ya mezani ni ileile ya zamani. Na ukipiga, koo likakukaba tena, usikate. Usiseme kitu kama huwezi. Upepo haupo tena. Atakusikia unavyopumua, na atajua ni wewe.

Mungu aliyekuvusha maji na baridi akurudishe sikioni mwa mama yako, na kifua chako akipe nguvu.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Protas